Sisi Tuliovunja Lango

Mwalimu wetu tulimzika kijijini Mdandu mwezi uliopita, na kilichoniudhi siku ile si mvua, wala tope lililonivua kiatu njiani kwenda makaburini. Ni historia fupi ya marehemu. Kijana aliyepewa kuisoma aliisoma kama mtu anayehakiki vifaa vya stoo: alizaliwa, alibatizwa, alisoma, aliajiriwa, alistaafu, aliugua, alilazwa hospitali ya Ikonda, alifariki. Basi! Mtu aliyetufundisha kwamba hata mwandishi mwongo anapaswa kutuambia siku ile upepo ulivuma kutoka wapi! Zuhura, aliyekuwa amesimama kando yangu amejitanda mtandio mweusi, alinifinya kiwiko akaninong'oneza, "Angekuwa hai angemnyang'anya karatasi." Nikacheka, msibani, mbele ya jeneza. Mama mmoja wa kwaya alinikata jicho, nami, bibi wa wajukuu saba, nikajifanya nakohoa. Tuliporudi Makambako kwenye gari la mtoto wa Zuhura hatukunyamaza hata kilomita moja. Tulipokonyana maneno, tukasahihishana, tukapigana mapaja, mpaka yule kijana akauliza, "Mama, mnagombana au mnakumbushana?" Tulikuwa tunaukumbuka mwaka mmoja tu, ule wa kidato cha tano, na nimeamua kuuandika kabla Zuhura hajaniwahi.

Chumba alichotufundishia kila Alhamisi kilikuwa stoo ya vitabu nyuma ya maktaba, katika shule ya wasichana nje kidogo ya mji wa Njombe. Kilikuwa na dirisha moja lisilofungika, madawati manne ya kuazima, harufu ya wino wa stensili, na jiko la mkaa ambalo matroni hakutakiwa kujua habari zake. Mwezi wa sita Njombe baridi haina utani. Asubuhi majani yameganda, sweta mbili hazitoshi, na msichana anayeweza kupata nafasi karibu na jiko la mkaa hujiona tajiri. Mwalimu alifukia viazi kwenye majivu tangu tulipoanza kusoma, na vikiiva somo huwa limefika patamu. Tulimwita Mwalimu Kumbe, kwa sababu neno hilo lilimtoka kila ukurasa, kana kwamba habari ile anaisikia kwa mara ya kwanza. Zamani alitumwa kusomea uchungaji, akarudi bila kola lakini na madaftari sita aliyoyajaza kwa mkono wake mwenyewe: tafsiri za tarihi za Vita vya Msalaba, zile zilizoandikwa na watawa wa Kikristo na zile zilizoandikwa na makadhi na makarani wa upande wa pili. Hazikuwemo kwenye mtaala. "Haya hayatatoka kwenye mtihani," alitwambia Alhamisi ya kwanza, "kwa hiyo mna ruhusa ya kuyapenda."

Na tuliyapenda jamani! Mimi nilikuwa nimetoka Matembwe, nyumbani tukiongea Kibena, Kiswahili changu ni cha shule na cha kanisani, na sikuwa nimejua kwamba historia inaweza kumfanya mtu asahau kwenda kula. Kabla ya tarihi zile, historia kwangu ilikuwa sababu tano na matokeo sita. Sasa ghafla nyota yenye mkia inatokea angani na mtawa anaandika kwamba alijua, tangu siku ile alijua! Mfalme anatoa hotuba ndefu mbele ya jeshi lake, neno kwa neno, na mwandishi anaiandika miaka mingi baadaye akiwa kwenye nchi ya mbali ambako hakuna aliyeisikia. Jeshi lenye njaa, limekula farasi wake, limekula ngozi za viatu, linatazama juu mlimani na kuona wapanda farasi weupe wanashuka kulisaidia, na hakuna anayewafahamu. Tulikuwa tunapiga kelele. Mwalimu naye alituacha tupige kelele kwanza, halafu akauliza swali lake lile lile la kila wiki: "Huyu aliyeandika, alikuwa amesimama wapi?" Alitutoa nje tukapima. Kibanda cha kuni cha jikoni kikawa mji wenye ukuta, sisi tukawa majeshi. Msichana aliyeigiza mwandishi aliyedai ameona lango likivunjwa na kisima kikijazwa mchanga kwa wakati mmoja ilibidi akimbizwe kuzunguka kibanda kizima, na mpishi wa shule akatoka na mwiko kuuliza tumepatwa na nini.

Zuhura alilala kitanda cha juu, mimi cha chini. Alikuwa mtoto wa Makambako, ulimi mwepesi, Kiswahili kimemkaa mdomoni tangu utotoni, na kwao ndiye alikuwa wa kwanza kufika kidato cha tano, kati ya wavulana na wasichana. Alhamisi moja upepo uliingia kwa lile dirisha, ukazoa karatasi zote za stensili alizotunakilia kutoka kwenye yale madaftari, ukazichanganya sakafuni, za watawa na za makadhi, na sisi wawili tukapewa kazi ya kuzitenganisha. Tukapiga magoti. "Hii yenu," Zuhura akasema, "inasema makafiri walipanda ukuta." "Hiyo ni yenu bwana," nikamjibu, "makafiri hapo ni sisi." Mji ule ulitekwa, ukatekwa tena, kwa hiyo hilo halikutusaidia. Tukasoma zaidi. Aliyekufa upande huu alikuwa shahidi, na aliyekufa upande ule alikuwa shahidi. Wote walimlilia Mwenyezi Mungu, wote waliahidiwa pepo. Jina la mji nalo Mwalimu alikuwa hajaliandika popote, aliandika "Mji Mtakatifu" tu, kwa sababu mimi niliuita Yerusalemu na Zuhura akauita Kudsi, na hakutaka tushikane mashati kwenye neno la kwanza. Karatasi zenye wale farasi weupe tulizijua. Lakini zile za kiu, za njaa, za mama anayeita jina la mtoto wake katikati ya moshi, tulizipindua mpaka viazi vikaungua na hatukuweza kuzipa mwenyewe. Tulipompelekea Mwalimu alisema "Kumbe!" akacheka mpaka akatokwa machozi. Tukala viazi vilivyoungua, tukazibana zile karatasi zote kwa pini moja.

Ungedhani baada ya hapo nimeelimika. Kichwa kilielimika, mdomo bado. Likizo fupi ilipofika barabara ya Lupembe, ipitayo kwetu, ilikuwa imekatika kwa mvua, na Zuhura akasema twende kwao. Baba yake, Mzee Shabani, alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli karibu na stesheni. Mbele duka, nyuma sebule, katikati pazia la maua, na mlango wa duka ukiwa wazi uliona hadi barabarani. Rimu zilining'inia darini, na treni ikipita zililia zote kwa pamoja. Ijumaa, Mzee aliporudi kutoka msikitini, tuliketi mkekani sote, kwa maana yeye hakuwa na mambo ya kutenga watu. Sinia moja kubwa ya pilau, kachumbari yenye ndimu, na bakuli la mchuzi ambalo Mama Zuhura alilisogeza upande wangu mara tatu. Nilikuwa sijawahi kula pilau ya namna ile. Mzee akaniuliza kwa upole, "Haya binti, huko Njombe wanawafundisha nini siku hizi?"

Bora asingeniuliza. Au tuseme, angemwuliza Zuhura. Mimi nilifurahi mno, tumbo limeshiba, mgeni nimepewa nafasi ya kusema, nikaanza na nyota yenye mkia. Nikaenda na jangwa, na njaa, na viatu vilivyoliwa, nao wote wananisikiliza, hata mdogo wake Zuhura ameacha kutafuna. Sasa lazima niseme kwamba kwetu vita havisimuliwi kwa mbali. Bibi yangu akisimulia vita vya mababu husema tuliwafukuza, tukavuka mto, tukachukua ng'ombe, ilhali vita hivyo viliisha kabla mama yake hajazaliwa. Mimi nilinyonya usimulizi wa namna hiyo. Basi nilipofika ukutani sikujisikia ninachosema. Nikapiga goti mkekani, mkono mmoja una tonge, nikasema kwa sauti: "Tukaleta ngazi! Wakatumwagia mafuta ya moto, tusirudi nyuma! Tukavunja lango, tukaingia, tukawafyeka, tukawafyeka mtaa kwa mtaa, hakubaki—"

"Sisi nani, mwanangu?"

Mzee Shabani hakupaza sauti. Alikuwa ameuweka mkono wake pembeni mwa sinia, umefunguka, wali umeng'ang'ania vidoleni. Hapo mtu mwenye akili angesema wao, Baba, nimeteleza ulimi. Lakini nilikuwa bado nimo vitani, pumzi zinanipanda, na nilijibu swali kama nilivyoulizwa. "Sisi Wakristo, Baba," nikasema. Rimu za darini hazikulia, hakuna treni iliyopita, hakuna kitu chochote kilichonisaidia. "Haya, kula," akasema. "Wali unapoa." Tukala. Sijui tulikula nini.

Alasiri nilijilaza chumba cha wasichana, na ukuta ule ulikuwa wa mbao. "Zuhura harudi shule," nilimsikia Mzee akisema. Mama Zuhura akamwambia, "Ni hadithi tu, Baba Zuhura. Mtoto wa watu ana moto wa kusimulia." "Hadithi ndiyo ninayoiogopa. Ingekuwa ngumi, angeniambia mwenyewe, ningekwenda kwa mkuu wa shule. Mimi nimempeleka mwanangu akasome, kumbe wenzake kila wiki wanajizoeza kumhesabu kwenye maiti, tena kwa kicheko. Ataenda kwa shangazi yake Mafinga, ajifunze cherehani." Nilitamani ile mbao inimeze. Zuhura alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, naye amesikia kila neno. Hakulia. Alinitazama akasema polepole, "Yusta, wewe umeniua kweli, siyo kwa hadithi." Jumatatu nilirudi Njombe peke yangu. Kitanda cha juu kilikuwa kimetandikwa, na mimi nililala chini yake nikiwa na hasira na mdomo wangu mpaka meno yakauma.

Nilimweleza Mwalimu yote, bila kujipendelea. Alikuwa anachochea jiko, hakusema "Kumbe" hata mara moja. Akaniuliza, "Uliposimulia, ulikuwa umesimama wapi?" Nikajibu, "Nje ya ukuta, Mwalimu. Nimeshika ngazi." Akaitikia kwa kichwa. Nikamwomba aende yeye, amweleze mzee wa watu kwamba tunasoma pande zote mbili, amwonyeshe madaftari. "Nikienda mimi itakuwa kesi," akasema. "Ukienda wewe utakuwa mgeni." Nikaomba basi anipe zile karatasi nikazisome vizuri. "Karatasi hazikumkosea mtu," akasema, na somo likaishia hapo. Aliniombea ruhusa ya Jumamosi. Mke wake ndiye aliyeniletea jogoo mwekundu asubuhi ile, hai, amefungwa miguu, ndani ya kikapu. "Umpeleke mzima," akanionya, "wamchinje wenyewe, la sivyo umekosea mara ya pili." Nikapanda basi na jogoo wangu. Aliwika tulipopita Igima, akawika tena tulipokaribia Makambako, abiria wakanicheka njia nzima, na mimi nilikuwa na hofu, lakini kusema kweli ndani ya hofu ile kulikuwa na kitu kinachochemka ambacho nilikijua vizuri. Nilikuwa naenda kusimulia.

Mzee Shabani alikuwa dukani, anapanga spoku. "Shikamoo Baba." "Marahaba." Akakitazama kikapu. "Huyo wa nini?" "Ni wa kuomba radhi, Baba. Nimemleta mzima, mmchinje wenyewe." Kitu kilimpita puani, nusu ya kicheko, akakizuia. Alimkabidhi jogoo kwa mkewe, akaniketisha kwenye mkeka ule ule, na Zuhura akaja akaketi kwenye kona bila kunitazama. Nilianza maneno niliyoyapanga njiani, ya samahani na ya ujinga wa ujana. Akanikatiza. "Radhi nimekupa tangu ulipoingia mlangoni. Shida yangu ni nyingine. Uliondoka umewaacha watu wako wamevunja lango, wameingia, wamo ndani mwangu. Wiki nzima wamo humu ndani. Nikilala wamo, nikiswali wamo. Hadithi haiachwi hivyo kwenye nyumba ya mtu. Malizia watoke."

Nikaanza. Nilisimulia kwa adabu zote. Wao walileta ngazi, wao wakapanda, hao wengine wakajitetea, watu wengi walipoteza maisha. Hata mimi nilijisikia ninavyosikitisha. Ilikuwa kama kunywa chai isiyo na majani. Mdogo wake Zuhura akapiga mwayo, na Mzee mwenyewe akakunja uso. "Mbona leo imelala? Siku ile ulikuwa na moto." "Siku ile nilikuwa humo, Baba," nikasema, na nilipolisema hilo niliona pa kuingilia. Nikamwangalia Zuhura. Alikuwa ameinua macho, amekwisha kunielewa, mshenzi yule, kabla mimi mwenyewe sijajielewa. Nikasogea katikati ya mkeka, nikaupa mgongo mlango wa duka.

"Tulikuwa tunatwanga ngano," nikasema. "Ngano yenyewe ilikuwa ya mwisho, imechanganyika na mchanga, lakini tulitwanga kwa sababu ukiacha kutwanga unawasikia nje." Mama Zuhura, aliyekuwa anatoka jikoni, akasimama. Nikaendelea, na sikujua naitoa wapi, nilikuwa nachota kwenye zile karatasi tulizoshindwa kuzipa mwenyewe. Tulikuwa na kisima kimoja, ndoo ikishuka ilirudi na matope, tukayakamua kwa kitambaa tukawapa watoto kwanza. Wanaume wetu walikuwa juu ya ukuta, na tuliwahesabu kwa vivuli vyao, na vivuli vilipungua. Bibi mmoja alituambia hawataingia, ukuta huu haujawahi kuingiwa, na tulimwamini kwa sababu alikuwa anasuka mkeka na vidole vyake havitetemeki. Zuhura hakuweza kuvumilia. Akaruka kutoka kwenye kona yake akaketi nami, bega kwa bega, akadakia: "Halafu tukaona ncha ya ngazi!" "Mbili!" nikasema. "Tatu! Kila upande!" Tulikuwa tunapokezana kama kule stoo, kama siku zote, sauti zetu zinakimbizana, na mwili wangu wote unasisimka. Tukasikia lango linapigwa. Pigo la kwanza vumbi likatoka bawabani. Pigo la pili watoto wakaacha kulia. Tukasukuma masanduku, tukasukuma magunia, tukaweka migongo yetu, na yule bibi akauacha mkeka wake akaja kuweka mgongo wake pia. Pigo la tatu—

Mzee Shabani alinyanyuka. Alipita kati yetu, akapasua pazia la maua, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa duka. Tulimwona akivuta ubao mmoja, akavuta wa pili, akasukuma komeo mpaka mwisho, kisha akaegemeza mgongo wake hapo. Nje mteja akagonga akasema, "Mzee, kulikoni? Unafunga duka jua liko utosini?"

Alisimama pale kwenye giza la duka lake, anahema. Alipotuona tunamtazama, aliangalia chini, kwenye viganja vyake.

"Zuhura," akasema, "kafunge sanduku lako. Basi la Njombe linapita saa tisa."

Kisha akageuka, akamfungulia mteja.